Aliyeambiwa "Bado Hatujui"

Ndugu wasomaji, yako maneno mawili ambayo mgonjwa huyatazamia kwa daktari. La kwanza ni "Huna neno, nenda zako." La pili ni "Una ugonjwa, na dawa yake ni hii." Neno la kwanza huleta furaha, la pili huleta huzuni, walakini yote mawili yana mwisho, na moyo hujua mahali pa kukaa. Lakini liko neno la tatu ambalo watu wachache hulifikiri kabla ya kuambiwa, nalo ni "Bado hatujui." Je, mtu aliyeambiwa neno hili arudi nyumbani na nini? Awaambie nini watu wa nyumba yake? Alime shamba lake kama mzima, au alale kitandani kama mgonjwa? Hilo ndilo swali tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi. Wala hatulifikiri kwa kuwa tumelikuta kitabuni, bali kwa kuwa lilitukuta sisi wenyewe.

Yafaa tuanze nyuma kidogo. Marehemu baba yetu alikuwa mkulima katika milima ya Usambara, mtu wa nguvu, asiyejua kulala mchana. Siku moja alijikata kidole cha mguu kwa jembe, akasema si kitu. Kidonda kile hakikupona. Kilikaa mwezi, kikakaa miezi minne, mguu ukawa mweusi, na kabla ya mavuno akafa. Wakati ule hakuna aliyempima sukari. Wengine walisema amerogwa na jirani waliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, nao walilisema jambo hilo kama watu walioliona kwa macho. Tangu siku ile nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana moto na chumvi zikaacha kuamkiana. Sisi tulipokuwa watu wazima na kusoma habari za kisukari, tulianza kudhani kwamba ndicho kilichomwua. Lakini kudhani si kujua, na aliyekwisha kuzikwa hapimwi damu.

Basi tarehe 14 Novemba 2024, siku ambayo kila mwaka dunia nzima hukumbushwa habari za kisukari, wauguzi walikuja sokoni kwetu kupima watu. Ilikuwa saa sita mchana, nasi tulikuwa tumekunywa chai ya sukari na kula maandazi mawili. Tulitobolewa kidole, tone la damu likawekwa penye kipande kidogo cha kupimia, na mashine ikaandika 10.4. Muuguzi aliitazama namba ile, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, yaelekea una kisukari. Nenda ukapimwe vizuri." Watu waliokuwa nyuma yetu katika mstari walinyamaza. Tuliondoka sokoni tumesahau mafuta ya taa tuliyokuwa tumekuja kuyanunua.

Siku ya nne tulikwenda kituo cha afya asubuhi, bila kula kitu tangu usiku, na kipimo kikasema 7.2. Baada ya juma moja tulipima tena kwa namna ile ile, kikasema 6.6. Daktari, kijana mtaratibu, aliandika namba zote tatu katika karatasi, akatueleza hivi: "Mwalimu, hesabu hizi ni za milimoli katika lita moja ya damu. Mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula, chini ya 6.1 ni mzima, kuanzia 7.0 ni kisukari; katikati ya hizo ni mahali pa mashaka. Akipimwa saa yoyote, akaonekana na 11.1 au zaidi, na dalili anazo, hapo hatuna shaka. Wewe dalili zako si dhahiri. Kipimo chako kimoja kimepita mpaka, na cha pili hakikufika. Mtu asiye na dalili dhahiri hahukumiwi kwa kipimo kimoja."

Tukamwuliza, "Je, hakuna kipimo kingine kitakachokata shauri?" Akajibu, "Kiko kimoja kinachoonyesha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kwa maana chatazama sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, nazo chembe hizo huishi siku 120 hivi. Lakini wewe umetoka kuugua malaria mwezi uliopita, na damu yako ilipungua. Chembe zilizokufa kabla ya wakati wake haziwezi kutoa ushuhuda wa kweli. Tena maradhi yenyewe huweza kupandisha sukari kwa muda. Acha mwili upone, urudi baada ya miezi mitatu. Kwa leo sisemi unacho, wala sisemi huna. Bado sijui."

Miezi mitatu! Mkulima asema miezi mitatu ni muda wa mahindi kuota na kutoa mbelewele. Kwetu sisi ulikuwa muda mrefu kuliko mwaka wa njaa.

Katika siku zile tuliona ya kuwa moyo wa mtu asiyejua hali yake hujaribiwa na adui watatu, nao huja kwa zamu.

Adui wa kwanza ni moyo ukimbiliao kaburini. Mtu huyu hajaambiwa kwamba ni mgonjwa, lakini amekwisha kujizika. Usiku tulipoamka kwenda haja ndogo tulihesabu: mara moja, mara mbili, kana kwamba kila mtu anywaye maji ya jioni hana haja ya kuamka. Mguu ukifa ganzi kwa kukaliwa, tulimkumbuka baba. Macho yakichoka kwa kusahihisha madaftari penye taa hafifu, tulisema, "Upofu umeanza." Wazee walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nasi kila ung'ongo ulikuwa nyoka.

Adui wa pili ni moyo ukataao kutazama. Huyu huja wakati wa mchana, jua likiwa zuri na mwili ukiwa na nguvu. Husema, "Mashine ya sokoni ni mbovu. Kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Kunywa chai yako." Maneno haya ni matamu, lakini si ya kweli. Zamani kidogo yalikuwa na sura ya kweli: uchunguzi wa vijiji vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 uliona wenye kisukari chini ya mmoja katika watu wazima mia. Walakini uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 uliona sukari iliyozidi kwa watu wapatao 9 katika kila mia wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ugonjwa huu hauulizi tena kama mtu ana gari au ana jembe.

Adui wa tatu ni moyo utakao kununua uhakika. Huyu ndiye mjanja kuliko wote, kwa maana huvaa nguo ya bidii. Katika mnada wa mwezi ule alikuja mtu mwenye chupa za dawa ya majani, akipaza sauti kwamba yaondoa kisukari kwa siku 21. Tulisimama mbele yake. Twakiri kwamba mkono wetu ulikwisha kuingia mfukoni. Haikuwa kwa sababu tulisadiki dawa ile, bali kwa sababu yule mtu alikuwa na hakika. Daktari aliyesoma miaka mingi alisema "sijui". Na mwenye chupa, ambaye hakututoboa hata kidole, alisema "najua". Lo! Jinsi neno hilo lilivyotulia masikioni mwa mtu mwenye hofu! Kilichotuokoa ni ufukara tu, kwa kuwa fedha ile ilikuwa ya daftari za mtoto.

Hapo ndipo tulipoanza kufikiri kwa dhati. Je, daktari alitukosea kwa kusema hajui? Wako watu wasemao, "Heri angelisema neno moja, hata likiwa baya." Sisi pia tulisema hivyo kwa siku kadhaa, mpaka mtoto mmoja wa darasa la nne alipotufundisha. Tulimwuliza hesabu ya sehemu, akasimama, akafikiri, akajibu, "Sijui, Mwalimu." Nasi tulimkaripia kwa ukali usiolingana na kosa, hata darasa zima likainama. Usiku ule hatukulala. Tulijiuliza, hasira ile ilitoka wapi? Mbona mwenzake alipobuni jibu la uongo tulimsahihisha kwa upole, na huyu aliyesema kweli tukampigia kelele? Tukaona kwamba hatukumkasirikia mtoto, bali lile neno lake, kwa kuwa ndilo neno tulilokuwa tukilibeba kifuani. Kesho yake tulimwomba radhi mbele ya wenzake, tukaanza naye hesabu ile mwanzo hadi mwisho.

Ndugu, neno "sijui" likitoka kwa mvivu ni aibu, kwa maana angeweza kujua akakataa taabu. Lakini likitoka kwa mtu aliyepima, akapima tena, akasimama mahali ambapo ushahidi wake umesimama, ni neno la heshima. Tena ni neno lenye kazi ndani yake, kwa kuwa daktari yule hakusema "sijui" tu; alisema "rudi siku fulani". Asiyejua kwa uaminifu huweka siku ya kutafuta.

Hata mabwana wa elimu hii wamebadili maneno yao mara nyingi. Zamani sana waganga wa Bara Hindi waliutambua ugonjwa kwa sisimizi waliokusanyika penye mkojo, jambo ambalo hata wazee wetu waliliona. Katika siku zetu wataalamu walibishana kama uko kisukari cha peke yake kiwapatao vijana waliokonda kwa utapiamlo. Kilielezwa huko Jamaika mwaka 1955. Shirika la Afya Duniani likakiandika katika orodha yake mwaka 1985. Mwaka 1999 kikaondolewa. Na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakikubali tena, likikiita aina ya tano. Je, tuwacheke? Hasha. Afadhali mtu afutaye jina lisilofaa kuliko mtu ang'ang'aniaye jina kwa sababu alikwisha kulitangaza.

Nanyi wasomaji mwakijua kisa cha Ayubu. Rafiki zake walipokaa naye mavumbini siku saba bila kusema neno, walikuwa rafiki wa kweli. Kosa lao lilianza walipofunua vinywa, wakaeleza kwa hakika sababu ya mateso yake, wala sababu hiyo hawakuijua. Vivyo hivyo jirani zetu waliosema kwamba baba amerogwa. Hawakuwa watu wabaya. Waliona ni vigumu kukaa karibu na kidonda kisicho na jina, wakakipa jina. Jina lile halikumponya mtu, bali lilizaa uadui. Basi twasema hivi: uhakika wa uongo ni mkopo, moyo hupata raha leo, na deni hulipwa na mwingine.

Lakini mtu ataniambia, "Mwalimu, maneno haya ni mazuri, ila miezi mitatu bado ni miezi mitatu. Mimi niishi vipi kesho asubuhi?" Ni swali la haki. Jibu letu ni hili: kutojua hali si kutojua wajibu. Mkulima hajui kama mvua ya mwaka itatosha. Asiposafisha shamba kwa sababu hajui, atakuwa na njaa hata mvua ikinyesha. Akilisafisha, mvua ikija atavuna, na isipokuja hatakuwa na la kujilaumu. Maisha yetu yote ya kijijini ni kazi ya kupanda bila kujua, wala hatuiiti wazimu, twaiita kilimo.

Tuliitazama karatasi ya daktari, tukajiuliza, "Kama tungekuwa na kisukari, tungepaswa kufanya nini? Na kama hatuna, tungepaswa kufanya nini?" Tukaona kwamba kwa sehemu kubwa majibu ni mamoja. Mwenye kisukari hupaswa kupunguza sukari ya chai, soda, na vyakula vya unga mtupu, azidishe mboga na maharage. Na asiye nacho yamfaa vile vile. Mwenye nacho hupaswa kutembea na kufanya kazi za mwili. Na asiye nacho kadhalika. Mwenye nacho hupaswa kuitazama miguu yake kila jioni, kuosha na kukausha katikati ya vidole, na kutodharau kidonda kidogo. Nani katika wakulima hatafaidika na desturi hiyo? Laiti baba yetu angekuwa nayo. Yako mambo ambayo ni ya mgonjwa peke yake, kama vidonge na sindano. Hayo tuliyaacha mpaka siku yake, kwa maana kunywa dawa ya mwenzako ili kutuliza hofu yako ni hatari.

Wala hii si bidii ya bure. Mwaka 2002 ulitangazwa uchunguzi wa Marekani wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufika kiasi cha kisukari. Waliofundishwa kupunguza uzito kidogo na kutembea kwa haraka dakika 150 kila juma, walipata kisukari kwa uchache wa 58 katika mia kuliko wale ambao hawakufundishwa hivyo. Ziliwafaa miguu yao wenyewe.

Iko na mipaka ya kungoja, nayo ni lazima kuijua, isije subira ikawa uzembe. Daktari alituambia: kiu isiyokoma, mkojo mwingi mno, kukonda kwa ghafula, kutapika na maumivu ya tumbo, kupumua kwa nguvu na haraka, au akili kuchanganyika, likitokea mojawapo la hayo, usingoje siku yako, njoo hata usiku. Tuliyaandika maneno hayo katika karatasi, tukaibandika nyuma ya mlango. Jambo la ajabu ni kwamba karatasi ile ilitupa usingizi. Hofu isiyo na mipaka huzunguka nyumba nzima. Ukiipa mipaka, hukaa mlangoni kama mlinzi.

Sasa twaja kwenye jambo lililo gumu zaidi, yaani kusema au kuficha. Siku kumi za kwanza hatukumwambia mtu nyumbani. Tulijidai kwamba twawahurumia. Kwa kweli tulikuwa twaona haya, na tuliogopa kwamba neno likisemwa litakuwa kweli. Lakini aliyeficha maradhi hafichi mabaya yatokanayo nayo. Mama wa watoto wetu aliona tumekataa sukari katika chai, akadhani amekosa jambo. Watoto waliona tumekuwa wakali. Nyumba nzima iliugua ugonjwa ambao hatukujua kama tunao. Jioni moja aliweka kikombe chini, akasema, "Baba watoto, kama nimekukosea, niambie. Kama si mimi, niambie vile vile, kwa maana ninahangaika." Tukamwambia yote. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Siku ya kurudi ni lini?" Tukamtajia. Akasema, "Tutakwenda wawili." Hakusema "utapona", wala hakusema "usiogope". Hata leo hatujasikia maneno ya faraja yaliyo mafupi kama hayo.

Mama yetu mzazi alipoambiwa alilia, kwa maana alimkumbuka mumewe. Hatukumkataza. Kisha akasema, "Mwanangu, baba yako alikificha kidonda chake ndani ya kiatu hata kikanuka. Wewe umekuja kunionyesha ungali na miguu miwili. Nilie nini?" Akajipangusa macho, akaenda kuchuma mboga.

Kiko kisa kimoja cha kweli kilichotusaidia katika usiku wa hofu. Mwaka 1919 huko Marekani, msichana wa miaka 11 aitwaye Elizabeth Hughes alionekana ana kisukari. Baba yake, Charles Evans Hughes, alikuwa mtu mkubwa, baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Lakini ukubwa wake haukuweza kumnunulia mtoto dawa ambayo haijapatikana duniani. Kwa watoto wa kisukari cha namna ile kilikuwa kifo. Daktari wake, Frederick Allen, alikuwa na njia moja tu, yaani kuwapa wagonjwa chakula kidogo mno ili kifo kichelewe. Hakuna aliyejua kucheleweshwa huko kulikuwa kwa faida gani. Wengi wa wenzake walikufa. Yeye alishika kanuni ile kwa miaka mitatu, akawa mifupa mitupu. Basi mwaka 1921 katika mji wa Toronto, Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya John Macleod, walipata maji ya kongosho yenye kushusha sukari, na James Collip akayasafisha. Dawa hiyo ndiyo insulini. Mwezi wa Januari 1922 ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa mtoto aitwaye Leonard Thompson. Mwezi wa Agosti mwaka ule Elizabeth alipelekwa Toronto, akiwa karibu na miaka 15 na uzito wa kilo 20 tu. Akapona nguvu, akaolewa, akazaa, akaishi hata mwaka 1981.

Hatusemi kwamba kila angojaye hupata. Hilo lingekuwa kuuza chupa kama yule mtu wa mnada. Wala hatumshauri mtu ajinyime chakula, kwa maana dawa ziko sasa. Twasema tu kwamba mtoto yule alitimiza wajibu wa kila siku bila kujua mwisho wake, na siku zile zote za kutojua ndizo zilizomfikisha mlangoni. Tena kisa chake kina upande wa pili: alipokuwa mtu mzima aliuficha ugonjwa wake kwa watu karibu wote. Hatumhukumu, kwa kuwa twajua haya hiyo. Lakini twafikiri ni wagonjwa wangapi ambao wangetiwa moyo kumwona mama mzee akitembea baada ya miaka hamsini na zaidi ya sindano, na hawakujua kwamba yupo.

Neno moja kwa majirani. Mtu akikuambia ya kwamba angoja kipimo, usimsimulie habari za shangazi yako aliyekatwa mguu. Usimwambie ni adhabu ya dhambi. Nawe hukuwapo Mungu alipoyapima matendo yake. Usimletee mizizi usiku. Usimwambie "si kitu", kwa maana kwake ni kitu. Mwulize, "Siku yako ni lini?" na siku hiyo ikifika, mchungie mbuzi wake.

Siku yetu ilifika mwanzo wa mwezi Machi 2025. Tulikwenda wawili, kama tulivyoahidiwa, hata hospitali ya mjini. Tulipimwa bila kula, ikawa 6.4. Tukanyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, matamu hata ya kuchefua, tukakaa benchini saa mbili, tukapimwa tena, ikawa 9.3. Daktari akasema, "Kwa kipimo hiki, chini ya 7.8 ni mzima, na 11.1 kwenda juu ni kisukari. Mwalimu, wewe u katikati. Kisukari huna. Lakini sukari yako si ya mtu mzima kabisa. Waweza kurudi nyuma, waweza kukaa hapo, waweza kwenda mbele. Tutakupima kila mwaka."

Tulikuwa tumengoja neno la mwisho, tukapewa "bado" nyingine. Lakini safari hii hatukuondoka kama tulivyoondoka sokoni. Tulinunua mafuta ya taa, tukapanda njia ya mlima kwa miguu badala ya gari, kwa kuwa kutembea kulikuwa sehemu ya dawa.

Njiani tulipita penye nyumba ya yule jirani wa mpaka. Sasa ni mzee sana, macho yamepungua. Miaka mingi tulikuwa tukiinamisha kichwa mahali pale. Siku ile tuliingia uani, tukamwamkia, "Shikamoo, Babu." Alikaa kitambo akiitafuta sauti, kisha akajibu, "Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?" Tukamtaja marehemu baba. Mkono wake ulitetemeka katika fimbo. Tukamwambia, "Babu, sisi hatujui kilichomwua baba. Hatukujua siku ile, na hatujui leo. Lakini watu walisema wanajua, nasi tukanyamaza. Kwa hilo tumekuja kukuomba radhi." Mzee yule hakujibu upesi. Alimwita mjukuu wake, akamwagiza alete viti viwili.

Basi, ndugu wasomaji, ikiwa yuko miongoni mwenu angojaye neno la daktari, twamwambia tuliyojifunza: iandike siku yako, ijue mipaka ya kungoja, tenda leo lililo wajibu katika hali zote mbili, mwambie mtu mmoja akupendaye, na mtu akikuuzia hakika kwa bei rahisi, mwache apite na chupa zake. Na mkiulizwa jambo msilolijua, juu ya mwili wa mtu au juu ya jirani yake, msione haya kusema kama mtoto yule wa darasa la nne.